Wasiwasi Nao Ni Ugonjwa: Mke na Mume Watafute Ushauri Mapema

 

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya choo bora, maji ya kuchemsha, chandarua na chanjo za watoto. Leo tutazungumza juu ya jambo lisiloonekana kwa macho. Hata darubini ya zahanati hailioni. Jambo hilo ni wasiwasi. Tutaona pia jinsi mke na mume wanavyoweza kusaidiwa kwa mazungumzo.

Soma polepole. Ukikuta neno gumu, litafute mwisho wa somo. Kama unasoma katika darasa la kisomo, mwombe mwenzako asome sehemu moja, nawe usome nyingine.

MAMA ALIYEKUJA ZAHANATI MARA TANO

Mimi ni mganga msaidizi wa zahanati. Nina cheti cha kazi yangu, lakini umri wangu bado ni mdogo, na sijaoa. Nitawaeleza habari moja iliyonifundisha kazi kuliko nilivyofundishwa chuoni. Majina sitayataja.

Mama mmoja, mkulima wa pamba, alikuja zahanati. Alisema, "Daktari, moyo unanienda mbio. Kifua kinabana. Usiku silali. Nahisi kama nitakufa."

Nilimpima malaria. Hana. Nikampa vidonge vya maumivu akaenda zake. Baada ya wiki moja akarudi na maneno yale yale. Nikampima damu na shinikizo la damu. Vyote vizuri. Akarudi mara ya tatu. Akarudi mara ya nne. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, nami nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Mama, huna ugonjwa. Nenda nyumbani ukafanye kazi."

Aliinamisha kichwa akatoka. Hakusema neno.

Ndugu msomaji, nilikosea. Mtu anayeumwa usimwambie haumwi, eti kwa sababu kipimo chako hakikuona kitu.

Mara ya tano alikuja na mumewe. Baba yule alikuwa na hasira. Aliniambia, "Mwanangu, mwambie mama yako huyu aache kujifanya mgonjwa. Shamba limelala."

Muuguzi wetu ni mama mtu mzima. Alisikia. Aliwaita wote wawili katika chumba cha pembeni, akawapa viti, akafunga mlango. Mimi nikasimama kando. Akauliza swali moja ambalo mimi sikuwahi kuliuliza: "Mama, hali hii ilianza lini?"

Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ilianza siku ile waliyokuja watu wakahesabu ng'ombe zizini, wakaondoka bila kusema kitu."

Mumewe akatazama chini. Kumbe alikuwa amekopa fedha za mbegu na dawa ya pamba, akaweka ng'ombe rehani. Mvua haikunyesha vizuri. Pamba haikuzaa. Mkewe hakumwambia. Alifikiri, "Nikimwambia ataogopa." Mke naye aliogopa kuuliza, kwa maana zamani aliwahi kuuliza jambo la fedha akakaripiwa. Basi kila aliposikia mlio wa pikipiki usiku, alishtuka: wamekuja kuchukua ng'ombe!

Muuguzi akamgeukia baba. "Na wewe baba, unalala?"

Baba akajibu kwa sauti ndogo, "Silali. Ndiyo maana nakwenda kilabuni."

Nyumba ile ilikuwa na wagonjwa wawili, si mmoja. Mwisho wa habari hii nitaueleza baadaye. Kwanza tujifunze.

WASIWASI NI NINI?

Kila mtu hupata wasiwasi. Mkulima huwa na wasiwasi mvua inapochelewa. Mzazi huwa na wasiwasi mtoto anapougua. Wasiwasi wa namna hii una faida. Unamfanya mtu ajiandae.

Mtu akikutana na chui njiani, mwili humwaga katika damu kitu kinachoitwa adrenalini. Moyo hupiga haraka. Pumzi huenda mbio. Misuli hukaza. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Chui akiondoka, mwili hutulia.

Lakini kuna mtu ambaye mwili wake hautulii. Chui hayupo, lakini moyo unakimbia kana kwamba yupo. Tuchukue mfano wa mbwa. Mbwa mlinzi hubweka akimwona mwizi. Hiyo ni kazi yake. Lakini mbwa anayebweka usiku kucha, hata jani likitikisika, hawalindi wenye nyumba. Anawanyima usingizi.

Wasiwasi huwa ugonjwa ukikaa siku nyingi, tena kwa miezi, na ukimzuia mtu kufanya kazi, kula, kulala au kuishi vizuri na wenzake.

DALILI ZA WASIWASI

1. Moyo kwenda mbio.
2. Kifua kubana, au kukosa pumzi.
3. Mikono kutetemeka na kutoka jasho.
4. Kichwa kuuma, shingo na mabega kukaza.
5. Tumbo kuvuruga, au kwenda haja mara kwa mara.
6. Kukosa usingizi, au kuamka usiku wa manane na mawazo mengi.
7. Kukasirika upesi kwa jambo dogo.
8. Kushindwa kutuliza akili juu ya kazi moja.
9. Kuogopa kwamba jambo baya litatokea, hata kama hujui ni jambo gani.

Wengine hupatwa na hofu kuu ya ghafla. Mtu huona kama anakufa au anarukwa na akili. Hofu hiyo hupanda kwa dakika chache, kisha hushuka yenyewe. Haiui. Lakini mtu aliyeipata mara moja hukaa akiogopa kwamba itarudi.

Jihadhari na jambo moja. Yapo magonjwa mengine yanayofanana na wasiwasi. Upungufu wa damu hufanya moyo uende mbio. Ugonjwa wa tezi ya shingo hufanya hivyo pia. Hata ugonjwa wa moyo wenyewe unaweza kuleta dalili hizo. Kwa hiyo usijipime mwenyewe. Njoo zahanati upimwe kwanza. Ukipata maumivu makali ya kifua, au ukizimia, usingoje hata siku moja.

SI UVIVU, TENA SI AIBU

Mtu mwenye wasiwasi huambiwa mengi. Wengine husema amerogwa. Wengine husema ni mvivu. Wengine husema ni mwoga tu. Maneno hayo hayamponyi. Yanamfanya afiche, na wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika katiba yake, iliyoanza kutumika mwaka 1948, kwamba afya ni uzima kamili wa mwili, wa akili na wa maisha ya mtu na wenzake. Kutokuwa na ugonjwa peke yake hakutoshi.

Hapa kwetu Tanzania, mwaka 1973, wazee wetu walikaa katika vikundi vya kusoma. Walisikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walijadili malaria, kichocho na kuhara, kisha wakatoka na majembe wakachimba vyoo. Walijifunza kwamba ugonjwa hushindwa watu wakiuzungumza wazi na kuchukua hatua pamoja. Ugonjwa wa mawazo nao ni hivyo hivyo.

WASIWASI HUINGIAJE KATIKA NDOA?

Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Kugombana kidogo si ajabu. Hatari iko katika kunyamaza.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Mume ana deni. Ananyamaza. Mke anaona uso wa mumewe umebadilika. Anaanza kuwaza: labda ana mwanamke mwingine. Naye ananyamaza, au anauliza kwa maneno makali. Mume anakasirika, anaondoka kwenda kilabuni. Mke anabaki peke yake na moyo unakimbia. Kesho mume anarudi, anamkuta mke hana nguvu za kwenda shamba. Anamwita mvivu. Kazi inalala, chakula kinapungua, deni linakua. Basi wasiwasi unaongezeka kwa wote wawili.

Pombe hutuliza wasiwasi kwa saa chache. Ikiisha kichwani, wasiwasi hurudi na nguvu zaidi, na fedha zimepungua.

Watoto nao wanaona. Mtoto anayesikia ugomvi kila usiku anaweza kukojoa kitandani, kuumwa tumbo mara kwa mara au kushindwa shuleni. Usidhani hajui kitu kwa kuwa ni mdogo.

USHAURI NI KITU GANI?

Ushauri wa mke na mume ni mazungumzo ya wawili mbele ya mtu wa tatu aliyefundishwa kusikiliza. Mtu huyo huitwa mshauri. Mshauri hafanyi kazi ya hakimu. Hatafuti nani mkosaji. Hachukui upande. Yanayosemwa mbele yake hayapeleki kisimani wala sokoni, isipokuwa pale uhai wa mtu ukiwa hatarini.

Jambo hili si geni kwetu. Tangu zamani tulikuwa na washenga, makungwi na wazee wa ukoo. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini mara nyingine wazee huharakisha kutoa hukumu, au humwambia mke "vumilia" kabla hajamaliza kusema. Mshauri mzuri husikiliza mpaka mwisho.

Ushauri husaidia kwa njia hizi:

Kwanza, kila mmoja anapata zamu ya kusema bila kukatizwa. Watu wengi hawajapata nafasi hiyo tangu waoane.

Pili, jambo linaitwa kwa jina lake. "Unanidharau" ni neno kubwa, halishikiki. "Uliweka ng'ombe rehani bila kuniambia" ni jambo linaloweza kuzungumzwa.

Tatu, mzigo unagawanywa. Tuna methali isemayo: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Lakini hata Mnyamwezi hutua mzigo akapumzika, na mwenzake humsaidia kujitwisha tena. Tatizo kubwa linakatwa vipande, na wawili wanachagua kipande kimoja cha kuanza nacho.

Nne, wanapatana siku ya kurudi, waeleze walichofanya. Ushauri wa siku moja mara nyingi hautoshi.

Huenda utauliza, "Je, maneno matupu yanaweza kuponya?" Sikiliza habari ya Zimbabwe. Mwaka 2006, katika mji wa Harare, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alianza kazi na akina bibi 14. Madaktari wa akili walikuwa wachache sana, lakini akina bibi walikuwapo. Walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua tatizo moja moja. Waliketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na benchi hilo likaitwa Benchi la Urafiki. Kwa Kishona ugonjwa huo huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, baada ya miezi 6, watu walioketi na akina bibi walikuwa na dalili chache sana za wasiwasi na huzuni kuliko wale waliopata matibabu ya kawaida tu.

MNAWEZA KUANZA NYUMBANI

Fanyeni hivi:

1. Chagueni wakati mzuri. Isiwe wakati wa njaa, wa ulevi, au mbele ya watoto. Jioni baada ya chakula ni vizuri.
2. Mmoja aseme, mwingine asikilize. Kisha msikilizaji arudie alichosikia: "Nimesikia unasema hivi. Ni kweli?" Halafu badilishaneni.
3. Sema juu ya moyo wako, usimshtaki mwenzako. Usiseme, "Wewe siku zote ni mwongo." Sema, "Nisipojua hali ya fedha, naogopa na silali."
4. Zungumzeni jambo moja tu kwa siku. Msifukue makosa ya miaka iliyopita.
5. Hasira ikipanda, pumzikeni. Lakini semeni mtarudi lini kuzungumza. Kuondoka bila neno ni kuongeza jeraha.

Na wewe unayepatwa na wasiwasi, jaribu zoezi hili. Keti. Vuta hewa polepole kwa pua ukihesabu moja mpaka nne. Itoe polepole kwa mdomo ukihesabu moja mpaka sita. Endelea kwa dakika tano. Fanya hivyo asubuhi na jioni, hata siku usiyo na hofu, ili mwili uzoee. Punguza chai nzito, kahawa na sigara. Endelea na kazi kadiri unavyoweza, na usijifungie ndani.

DAWA JE?

Wagonjwa wengine huhitaji dawa. Zipo dawa nzuri, na huandikwa na daktari wa kituo cha afya au hospitali. Nyingi hazianzi kufanya kazi siku ile ile. Huchukua wiki kadhaa. Usiziache kwa kuwa siku ya tatu hujaona nafuu, na usiziache ghafla baada ya kupona. Mwulize daktari kwanza.

Usinunue vidonge vya usingizi dukani kwa kuambiwa na jirani. Baadhi yake humfanya mtu ashindwe kulala bila hivyo. Vikichanganywa na pombe vinaweza kuua.

UENDE WAPI KUTAFUTA MSAADA?

Anza na zahanati ya kijiji. Sema kila kitu, hata lile unaloona si la zahanati. Sisi tunaweza kukupeleka kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako ana kazi ya kusaidia watu wenye matatizo ya ndoa na ya watoto. Viongozi wa dini pia wengi hutoa ushauri. Chagua mtu mwenye siri, anayewasikiliza wote wawili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa. Kwa kawaida mtu hawezi kufungua shauri la talaka mahakamani kabla ya kufika kwanza barazani, ingawa sheria imeweka sababu maalumu za kutofanya hivyo. Lakini usingoje mpaka baraza. Watu wengi hufika pale wakati kuni zimekwisha kuwa majivu. Ushauri ni wa kuzima moto ungali mdogo.

MAMBO YASIYONGOJA

Kama unapigwa au unatishiwa nyumbani, usiitwe kwenye mazungumzo ya wawili kwanza. Kwanza uwe mahali pa salama. Sheria ile ile ya 1971 inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mke wake au mume wake, hata kama mila inaruhusu. Nenda kwa ndugu unayemwamini, kwa viongozi wa kijiji, au polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiumia, njoo utibiwe.

Kama mtu anasema amechoka kuishi, usimcheke, na usimwache peke yake. Mwulize kwa upole kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumpi wazo hilo. Kunamfungulia mlango wa kusema. Dawa ya pamba na kamba ziwekeni mbali naye. Mleteni zahanati siku hiyo hiyo.

MWISHO WA HABARI YETU

Yule mama na mumewe walirudi kwa muuguzi mara sita. Siku ya pili baba alikuja na daftari, akasoma deni lote mbele ya mkewe. Mama alilia. Kisha akasema, "Mbona si kubwa kama nilivyofikiri?" Walikwenda wote wawili kwa mwenye fedha. Waliuza ng'ombe wawili wenyewe, wakapatana kulipa salio baada ya mavuno.

Sitawadanganya. Deni halikwisha mwaka ule. Baba bado huenda kilabuni siku nyingine. Mama bado moyo humwenda mbio usiku mara moja moja. Lakini sasa anaujua wasiwasi wake. Huketi, huvuta pumzi polepole, na humwamsha mumewe. Zamani alikuwa akikaa gizani peke yake.

Siku moja nilikutana na baba yule sokoni. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha akanisogelea akasema, "Siku hizi nalala."

Nami nimebadilika. Kila mgonjwa anayerudi na dalili zile zile, simwambii tena kwamba haumwi. Namwuliza, "Ilianza lini? Na nyumbani mnaendeleaje?" Kisha nanyamaza, nasikiliza.

Ndugu msomaji, kama umejiona katika somo hili, usione haya. Njoo. Ukiweza, njoo na mwenzako. Akikataa, njoo peke yako.

MASWALI YA KUJADILI

1. Wasiwasi wenye faida ni upi, na wasiwasi ulio ugonjwa ni upi?
2. Taja dalili tano za wasiwasi.
3. Mganga alifanya kosa gani? Muuguzi alifanya nini tofauti?
4. Kwa nini mume alificha deni? Je, ungekuwa wewe ungefanyaje?
5. Katika kijiji chenu, ni nani watu wenye siri wanaoweza kufundishwa kusikiliza?

MANENO MAGUMU

Adrenalini: kitu ambacho mwili hutengeneza wakati wa hofu ili mtu apate nguvu.
Dalili: alama inayoonyesha ugonjwa.
Mshauri: mtu aliyefundishwa kusikiliza na kusaidia watu watatue matatizo yao.
Rehani: mali inayowekwa kwa mkopeshaji kama dhamana ya deni.
Usuluhishi: kazi ya kuwapatanisha watu waliogombana.